WAVU WA NYAMA CHOMA: USAFISHE BILA KUMLISHA MTU WAYA

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakigusa kila Jumamosi: nyama choma. Ila siongelei nyama yenyewe. Naongelea ule wavu inayolalia.

Kilichonifanya niandike ni mkasa wa jamaa yangu. Tulichoma kuku nyumbani, watu kama kumi hivi, raha mstarehe. Kabla ya kuweka kuku, mmoja wetu akachukua brashi ya waya, ile ya kukwangulia kutu, akasugua wavu mpaka ukang'aa. Tukampongeza. Robo saa baadaye jamaa yangu akashika koo. Anasema kuna kitu kinamchoma. Sisi wote tukajua mfupa. Tukampa dawa ya bibi: tonge la ugali kavu, meza bila kutafuna. La kwanza, la pili, la tatu. Wapi! Kesho yake hata mate hayamezeki. Hospitali wakampiga picha ya eksirei, wakakuta kiwaya chembamba kama sindano kimezama pembeni ya koo. Kilitoka kwenye brashi yetu. Na yale matonge ya ugali yalizidi kukizamisha.

Jamaa alipona, tunamshukuru Mungu. Ila mimi nilianza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Soma mpaka mwisho, hata kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha.

NI KITU CHA KWELI AU NI BAHATI MBAYA TU?

Ni kitu cha kweli, na kina kumbukumbu za kitabibu. Mwezi Julai 2012 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa ripoti kuhusu wagonjwa sita wa mfumo mmoja wa hospitali huko Providence, jimbo la Rhode Island. Wote walimeza viwaya vya brashi ya kusafishia jiko la kuchomea nyama, kati ya Machi 2011 na Juni 2012. Wengine walichomwa kooni. Wengine kiwaya kilishuka mpaka tumboni kikatoboa utumbo, wakaingizwa chumba cha upasuaji haraka haraka.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri wakatoa makadirio yao: kati ya 2002 na 2014, watu karibu 1,700 huko Marekani walifika vyumba vya dharura kwa sababu hiyo hiyo. Sehemu zilizoumia zaidi ni mdomo na koo. Na hao ni waliofika hospitali tu.

Sasa wale wana brashi zilizotengenezwa maalumu kwa ajili ya jiko la nyama. Sisi huku mara nyingi tunatumia ya fundi wa kuchomelea, ile ile iliyokwangua kutu ya geti jana.

KIWAYA KINAFIKAJE KWENYE NYAMA?

Brashi ya waya ina viwaya mamia vilivyobanwa kwenye ubao au plastiki. Joto la wavu, maji, kutu na kusugua kwa nguvu vinalegeza mshiko wake. Kiwaya kinachomoka, kinanasa kwenye mafuta yaliyoganda juu ya wavu. Unaweka nyama juu, nyama inakibeba. Ni chembamba, na kikishapata masizi kinafanana rangi na nyama iliyoungua. Huwezi kukiona, na kwenye mwanga wa taa ya baa ndiyo kabisa.

Na stiliwaya je, ile ya kusugulia sufuria? Nayo inakatika vipande vidogo vidogo, hasa ikishachakaa. Kwenye sufuria unasuuza kwa maji mengi, vinaondoka. Kwenye wavu vinanasa kwenye maungio. Kwa hiyo nayo iache jikoni.

KWANI LAZIMA KUSAFISHA? SI MOTO UNAUA KILA KITU?

Hili naulizwa sana. Ni kweli moto mkali unaua vijidudu. Ila mafuta ya wiki iliyopita yanachacha, yanatia nyama ladha mbaya, yanavuta panya na mende usiku, na siku ukiwasha moto yanalipuka ndimi za moto zinazounguza nyama nje huku ndani ikiwa mbichi. Kuku mbichi ndani ni hatari, anatakiwa afike nyuzijoto 74 mpaka kwenye mfupa. Wavu safi unasaidia nyama iive sawasawa, na haigandi.

NJIA SALAMA, HATUA KWA HATUA

1. Choma uchafu kwanza. Washa mkaa, ukishakolea weka wavu mtupu juu kwa dakika 10 mpaka 15. Mafuta yataungua na kuwa makavu, yanabanduka kirahisi. Fanya hivi nje au sehemu yenye hewa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya ukaa yenye sumu, haina harufu, inaua mtu usingizini. Hili halina mjadala.

2. Kwangua wakati bado una moto. Tumia kipande cha mbao ngumu kilichochongwa bapa mbele. Baada ya kukitumia mara kadhaa kitapata migongo inayolingana na vyuma vya wavu wako, na hapo ndipo kinafanya kazi vizuri zaidi. Kikichomoka kibanzi, ni cha mti, kinaungua. Kama huna mbao, kunja karatasi ya foili iwe kama tufe, ishike kwa koleo refu, sugua. Ikishaanza kuchanika itupe, usiache vipande.

3. Kitunguu. Usicheke. Kata kitunguu kikubwa nusu, kichome kwa uma upande wa mgongo, sugulia upande uliokatwa kwenye wavu wa moto. Maji yake yanageuka mvuke na kulainisha masizi. Limao nalo linafanya kazi hiyo hiyo. Hii haitoi uchafu wa miezi sita, ila kwa uchafu wa jana inatosha.

4. Futa. Lowesha kitambaa cha pamba kidogo tu, kikamue, kishike kwa koleo, pitisha kila chuma juu na chini. Kitambaa ndicho kitakuonyesha kama kuna kitu kimebaki. Usimwage maji ya baridi kwenye wavu wa moto: mvuke unababua mkono, na chuma cha kusubu kinaweza kupasuka.

5. Paka mafuta kidogo. Mafuta ya kula ya kawaida kwenye kitambaa, tabaka jembamba. Yanazuia kutu na nyama haigandi. Kidogo wadau, si kumwagia juu ya makaa.

USAFI MKUBWA, MARA MOJA MOJA

Kama wavu umeshakuwa mweusi tii, moto peke yake hautoshi. Subiri upoe kabisa, kisha:

- Beseni kubwa, maji ya moto, sabuni ya vyombo, na magadi ya kupikia, yale ya kulainishia maharage. Vijiko vinne vya chakula kwa ndoo ya lita 10 si mbaya. Loweka usiku kucha.

- Asubuhi sugua kwa dodoki, kumbi la nazi au brashi ya plastiki. Ya plastiki ni kwa wavu uliopoa tu. Kwenye moto inayeyuka, halafu unawalisha watu plastiki badala ya waya.

- Njia ya bibi zetu bado ipo: majivu. Majivu ya mkaa au kuni safi yana chumvichumvi inayokata mafuta, na chenga zake zinasugua. Chekecha kwanza, changanya na maji kidogo, sugua kwa kumbi. Majivu ya mbao zenye rangi usiguse.

- Suuza kwa maji mengi, kausha juani au kwenye moto, paka mafuta.

Na majivu ya jiko yenyewe usiyamwage kwenye ndoo ya plastiki au jalalani usiku ule ule. Kaa linaweza kubaki na moto ndani ya majivu kwa saa nyingi. Weka kwenye debe la bati, mwagia maji, ndipo utupe.

MAMBO YA KUEPUKA KABISA

Jik na limao au siki: usichanganye kamwe. Dawa ya kung'arishia nguo ikikutana na tindikali inatoa hewa ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Hata yenyewe peke yake haina kazi kwenye wavu, inaleta kutu tu.

Magadi makali ya kutengenezea sabuni: haya siyo yale ya maharage. Yanababua ngozi na yanapofusha macho. Kwenye alumini yanaila chuma yenyewe na kutoa hewa inayoweza kushika moto.

Mafuta ya taa, petroli: hapana. Kuna watu wanafuta wavu kwa mafuta ya taa ati inatoa mafuta haraka. Nyama itanuka, na moto unaweza kukurukia.

ANGALIA NA WAVU WENYEWE UMETOKA WAPI

Hapa ndipo wengi tunakosea, na hata ukisafisha vipi haisaidii.

Wavu wa friji la zamani: usichomee nyama. Baadhi zilipakwa madini ya kadimiamu, ambayo ni sumu, na joto pamoja na ndimu ya kwenye nyama vinayatoa.

Wavu wa uzio au wa banda la kuku: ule unaong'aa umepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, na makaa yaliyokolea yanafika huko. Moshi wake unaleta homa, na tindikali ya ndimu inaitoa zinki ikaingia kwenye chakula.

Bora mwambie fundi akuchomelee wa nondo tupu isiyo na rangi. Ukiletewa, uchome kwa moto mkali mara mbili tatu, usugue, uupake mafuta, ndipo uweke nyama. Wa stenlesi ni mzuri zaidi kama mfuko unaruhusu. Wavu ukishaanza kubanduka magamba ya kutu au rangi, muda wake umeisha. Mpe muuza chuma chakavu.

KAMA UNAUZA AU UNANUNUA

Najua kuna vijana humu wana vibanda vya mishkaki na kitimoto, wanahangaika na maisha. Ndugu zangu, mteja mmoja akimeza waya pale kwako, habari itafika mtaa mzima kabla hujafunga. Kipande cha mbao hakina gharama. Kikwangulio kimoja, kitambaa kimoja, koleo la nyama mbichi tofauti na la iliyoiva. Basi.

Na wewe mteja, ukimuona mchomaji anasugua kwa brashi ya waya, mwambie kwa upole apitishe kitambaa kabla ya kuweka nyama yako. Hutaonekana mshamba. Na kama lazima brashi hiyo itumike kwa sababu hakuna nyingine, ipigwe pigwe kwanza kwenye ukuta ili vilivyolegea vidondoke, na wavu ufutwe kila upande. Brashi iliyopinda viwaya au yenye mapengo itupwe siku hiyo hiyo.

IKITOKEA MTU AMEMEZA

Dalili ni kuchomwa ghafla kooni wakati wa kula, maumivu kila akimeza, au tumbo kuuma saa au siku kadhaa baadaye.

- Asimeze tonge la ugali, ndizi wala mkate. Unasukuma sindano ndani zaidi.
- Asijitapishe, wala msiingize vidole.
- Aende hospitali na aseme wazi: "Nilikula nyama choma, wavu ulisuguliwa kwa brashi ya waya." Maneno haya ni muhimu, maana daktari asipoambiwa naye atafikiria mfupa. Chuma kinaonekana kwenye eksirei au CT skani.
- Akipelekwa kwenye kipimo cha MRI, aseme kabla ya kuingia. Kile kipimo kina sumaku kubwa, inaweza kukisogeza kiwaya.
- Akishindwa kupumua, akitapika damu au tumbo likiwa gumu, hakuna kusubiri asubuhi.

Mimi ile brashi yetu niliirudisha kwenye boksi la vifaa vya kutu, ambako ndiko kwake. Pale jikoni sasa kuna kipande cha mninga kimening'inia kwa kamba, kimeshapata migongo yake. Jamaa yangu bado anakuja Jumamosi. Ila kabla hajala, anaomba kwanza aone kitambaa.

Wewe unasafishaje wavu wako? Kama una njia ya bibi au ya babu ambayo sijaitaja, iweke hapo chini kwenye maoni tujifunze wote. Na mtumie kiungo hiki yule jamaa yenu anayeshika koleo kila wikiendi.

Nawakilisha.