Toleo lipi, Mama?

Fungua kompyuta yenye Windows 11, ingia kwenye mipangilio, tafuta ukurasa unaoeleza mashine yenyewe. Kuna mistari miwili karibu karibu. Kwa Kifaransa, lugha ya kompyuta nyingi hapa Butembo na kule Beni, mmoja umeandikwa Édition, mbele yake Windows 11 Famille. Mwingine Version, mbele yake 24H2. Sasa ifasiri kwa Kiswahili tulichokizoea: “Toleo: Windows 11 Nyumbani. Toleo: 24H2.” Neno moja limebebeshwa mizigo miwili.

Jina la chombo chenyewe halinisumbui. Mfumo endeshi ni istilahi nzuri, pengine nzuri kuliko ya Kifaransa, système d'exploitation, ambayo katika nchi hii ya machimbo humfanya mtu awaze dhahabu na mbao kabla ya kuwaza kompyuta. Kiswahili kimetazama dereva: kuna kinachoendesha, programu nyingine ni abiria. Tatizo ni toleo.

Neno hilo tulilipokea kwa wachapaji. Toleo la pili la kamusi huja baada ya la kwanza. Toleo la Machi la gazeti hulizeesha la Februari. Kwa 24H2 limekaa barabara: 24 ni mwaka 2024, H2 ni nusu yake ya pili. Windows 10 nayo ilitolewa Julai 2015, ikazeeka, muda wake wa kuhudumiwa ukaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini Home (ndiyo Famille) na Pro hazizeeshani. Zinatoka pamoja, na kinachozitenga hasa ni ufunguo: mwenye Home akinunua haki ya Pro, huingiza ufunguo, mashine ikajiwasha upya, na faili zake zote zikabaki palepale. Hajabadili basi, amebadili kiti.

Ndiyo maana mimi husema daraja. Nilijaribu aina, nikaona imelegea mno. Nilijaribu mshono, kwa kuwa kitenge kimoja hutoa mishono mingi, lakini gauni likishashonwa huwezi kuliongezea mikono kwa kulipa tu. Daraja la kwanza na la pili kila msafiri anayaelewa. Wapo watakaoniambia daraja ni la kuvukia mto. Basi nao waache kusema daraja la kwanza.

Ubishi huu una bei yake dukani. Muuza dawa mmoja hapa mjini aliletewa kompyuta mpya iliyopitia Dubai, kama bidhaa zetu nyingi. Kwenye kasha iliandikwa Home Single Language. Fundi akamfasiria nusu tu: Famille.

“Papa, mimi niko na duka,” akalalamika. “Hii ya familia itanisaidia nini?”

“Mama, hata ya familia inaandika fakture.”

Fundi alisema kweli. Na huyo mama, kama wafanyabiashara wetu wengi, duka lake ni chumba cha mbele. Pazia likifunguliwa unaona jiko. Nyumbani inaishia wapi hapo? Fakture, hesabu za dawa, printa, barua pepe: Home inavimudu vyote. Pro hulipiwa kwa mambo machache, na mawili ndiyo yanayotuhusu. La kwanza ni BitLocker, inayofunga diski kwa msimbo. Bila kufuli ya namna hiyo, neno la siri la kuingilia ni pazia tu: mwizi anafungua skrubu, anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma daftari zima la madeni. Katika eneo ambako watu huihama nyumba usiku mmoja, hilo si jambo la kinadharia. (Baadhi ya mashine za Home zina kufuli ndogo ya diski, muulize fundi akuoneshe kama imewashwa.) La pili ni kuifungua kompyuta ya Butembo ukiwa Beni. Kwa njia ya Windows yenyewe, Home inaweza kupiga lakini haipokei.

Wengine huipata Pro bila kuitafuta. Kompyuta za Latitude au ThinkPad zilizotumika ofisini Ulaya mara nyingi zina ufunguo wa Pro uliohifadhiwa ndani ya ubao wake. Uliza tu umri wa prosesa: za Intel, kwa kawaida, Windows 11 huzitaka kuanzia kizazi cha 8. Na ukiona maandishi hafifu chini kulia yakikudai uiwashe Windows, huenda hiyo Pro imeandikwa tu, haijalipiwa.

Lakini mtego wa yule mama ulikuwa kwenye maneno mawili ambayo fundi hakuyafasiri. Single Language ni daraja linaloruhusu lugha moja tu ya kuonesha kwenye skrini. Yake ilikuwa Kiingereza, na msaidizi wake dukani amesoma kwa Kifaransa. Ili kuongeza lugha ilibidi apande daraja, na kupanda kutoka Home hadi Pro kwenye duka la Microsoft la Marekani ni dola 99.

Alibishana na aliyemuuzia kompyuta hadi jioni. Kompyuta aliyoondoka nayo ni ya Home ya kawaida, kwa Kifaransa, na kwenye kibodi yake A imekaa mahali pa Q.