Mafuta ya Habasoda kwa Mwenye Dalili za Sukari, Presha na Kitambi: Faida Yake, Mipaka Yake na Hukumu Yake

Himdi zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa masuali yanayotufikia kwa wingi kutoka Unguja na Pemba ni hili: mtu ameambiwa na daktari kuwa sukari yake imeanza kupanda, presha inasogea juu na kitambi kimezidi. Jamaa wanamshauri anywe mafuta ya habasoda kwa kuwa ni dawa iliyosifiwa na Mtume (s.a.w.). Je, yatamtosha? Na je, anaweza kuacha vidonge vya hospitali kwa kutegemea Hadithi?

Jawabu kwa ufupi: kutumia habasoda inajuzu, na ndani yake mna kheri. Kuacha dawa ambayo afya ya mtu imesimama juu yake, kwa hoja kwamba anakunywa habasoda, hakujuzu. Ufafanuzi ni huu ufuatao.

1. Hali yenyewe ni ipi?

Madaktari huiita sindromu ya metaboli. Si ugonjwa mmoja, ni hitilafu kadhaa zinazokusanyika katika mwili wa mtu mmoja. Mwaka 2009 mashirika kadhaa ya afya ya kimataifa yalikubaliana kuwa mtu anahesabiwa kuwa nayo akikutikana na matatu kati ya haya matano:

- Kiuno kipana. Kwa Waafrika hutumika kipimo cha sentimita 94 kwa mwanamme na 80 kwa mwanamke. Kwa wenye asili ya Bara Hindi, mwanamme huanza kuhesabiwa kwenye 90.
- Presha ya 130 kwa 85 au zaidi.
- Sukari ya asubuhi kabla ya kula ya 5.6 au zaidi.
- Mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi ya 1.7 au zaidi.
- Mafuta mazuri ya damu (HDL) yaliyopungua chini ya 1.0 kwa mwanamme na 1.3 kwa mwanamke.

Anayetumia dawa ya mojawapo ya hitilafu hizi huhesabiwa kuwa nayo hata kama kipimo chake sasa ni kizuri.

Khatari yake ni kwamba mtu haumwi popote. Anakwenda kazini, anaswali, anahudhuria harusi, na huku mishipa inaharibika kidogo kidogo. Mwisho wake huwa kisukari kamili, kiharusi, maradhi ya moyo au figo. Kwa sababu hasikii maumivu, ni rahisi kuridhika na chochote atakachoambiwa kuwa kinatibu.

2. Hadithi ya habasoda na ufahamu wa wanazuoni

Hadithi ni sahihi bila ya shaka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), na Bukhari ameipokea pia kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Maana yake ni kwamba ndani ya mbegu nyeusi mna ponyo ya kila ugonjwa isipokuwa mauti.

Suali ni vipi wanazuoni wameifahamu. Ibn Hajar, katika Fat-hul Bari, amenukuu kauli ya al-Khattabi kuwa tamko hili ni la jumla lakini limekusudiwa mahsusi, kwa sababu hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kukabili maradhi yote. Akanukuu pia kwa Abubakar Ibnul Arabi kwamba asali kwa matabibu iko karibu zaidi na kuwa dawa ya kila kitu, na juu ya hivyo yapo maradhi ambayo mgonjwa akinywa asali hudhurika. Wapo waliouchukua ujumla wa Hadithi kwa upana zaidi, lakini nao wakaeleza kuwa habasoda hutumika mara peke yake na mara kwa kuchanganywa na kitu kingine, kulingana na maradhi.

Tazama pia kisa kilichotangulia Hadithi ya Bibi Aisha katika Bukhari. Ghalib bin Abjar aliugua njiani, wakafika naye Madina akiwa mgonjwa. Ibn Abi Atiq alipokuja kumtazama aliwaelekeza wachukue punje tano au saba, wazisage, kisha wamtie puani pamoja na matone ya mafuta, upande huu na huu. Hapo pana kipimo, pana namna ya kutumia na pana mgonjwa maalumu. Hakumwambia kila mtu anywe kiasi atakacho kwa kila anachoumwa.

3. Utafiti umeonesha nini?

Mbegu ya habasoda ina mafuta kiasi cha thuluthi moja ya uzito wake, na ndani yake mna kiungo kiitwacho thaimokwinoni ambacho watafiti wanakihusisha na faida zake nyingi.

Katika utafiti uliofanyika Saudi Arabia na kuchapishwa mwaka 2010, wagonjwa 94 wa kisukari walipewa habasoda iliyosagwa kwa muda wa miezi mitatu: kundi moja gramu 1 kwa siku, la pili gramu 2 na la tatu gramu 3. Waliotumia gramu 2 sukari yao ilishuka vizuri. Waliotumia gramu 3 hawakupata ziada ya faida. Na jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni hili: wagonjwa hao waliendelea kumeza dawa zao za kisukari. Habasoda iliongezwa juu ya dawa, haikuchukua nafasi yake.

Tafiti nyengine za mbegu na mafuta zimeonesha upungufu mdogo wa sukari, wa mafuta mabaya ya damu na wa presha. Kwa presha, upungufu ni wa wastani wa nukta 3 hivi. Nyingi kati ya tafiti hizo zilikuwa na watu wachache na zilidumu wiki 8 hadi 12. Kwa hiyo faida ipo, lakini mwenye presha ya 170 hawezi kuitegemea.

Linganisha na hili. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa kisukari walifuatiliwa. Waliopunguza uzito kwa kiasi cha asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki, khatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metfomini ilipungua kwa asilimia 31. Na sisi tunayo Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa al-Miqdam (r.a.) inayotufundisha kugawa tumbo: thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji na thuluthi ya pumzi. Anayekunywa habasoda asubuhi, kisha akafuatisha chai ya vijiko vinne vya sukari, mandazi matatu na soda ya mchana, ameshika Sunna moja na kuiacha nyengine iliyo na athari kubwa zaidi kwa ugonjwa wake.

4. Tahadhari kabla ya kutumia

- Anayetumia dawa ya kisukari, khasa insulini: sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla na kizunguzungu. Katika saumu khatari huzidi.
- Anayetumia dawa ya presha: presha inaweza kushuka mno.
- Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini: anaweza kutokwa na damu kwa urahisi. Anayekwenda kupasuliwa aache mafuta haya wiki mbili kabla, na amwambie daktari.
- Mjamzito asiyatumie kama dawa. Habasoda kidogo ndani ya mkate haina neno.
- Mafuta ni mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina nishati ya kalori 120 hivi. Mwenye kitambi akinywa vijiko vitatu kwa siku anaongeza tatizo alilotaka kulipunguza.

5. Hukumu za kisharia

Kuhusu kuacha dawa. Asili ya kujitibu katika madhehebu yetu ya Shafi ni Sunna. Hata hivyo, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kuwa kujitibu huwa wajibu ikiwa kuacha kutapelekea kuangamia kwa nafsi, kupotea kiungo au kulemaa, au ikiwa madhara ya ugonjwa yatawafikia wengine. Mtoto anayeishi kwa insulini akikatiwa, hufa kwa muda mfupi. Mzazi anayefanya hivyo kwa kutegemea habasoda hakuitumia Hadithi, ameibebesha yasiyokuwemo.

Kuhusu muuzaji. Anayemwambia mgonjwa aache dawa zake na anunue chupa yake anaingia katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayetibu watu bila ya kujulikana kuwa na elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara. Kubandika Hadithi kwenye chupa hakumtoi katika dhamana hiyo. Kuchanganya na mafuta ya kupikia na kuuza kama habasoda tupu ni ghushi, na ghushi ni haramu.

Kuhusu vidonge laini. Maganda yake hutengenezwa kwa jelatini. Ikiwa ni ya nguruwe, katika madhehebu yetu haitahariki kwa kugeuzwa umbile. Chagua yaliyoandikwa kuwa ni ya mimea, ya samaki au ya ng'ombe aliyechinjwa kisharia, au nunua mafuta ya chupa.

6. Kwa anayetaka kutumia

Apime kwanza sukari, presha na kiuno, aandike. Amwambie daktari au muuguzi wa kituo chake. Anunue mafuta yaliyokamuliwa bila ya moto, yenye jina la mtengenezaji na tarehe, na yaliyosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Atumie nusu kijiko cha chai kwa siku, ambayo ni karibu gramu 2, pamoja na chakula. Baada ya miezi mitatu apime tena. Vipimo vikiwa vizuri, ni daktari atakayeamua kupunguza dawa. Visipobadilika, asione kuwa imani yake ina kasoro. Mponyaji ni Allah, na dawa zote ni sababu tu, za dukani Darajani na za hospitali.

Mwenye mzee nyumbani anayetumia mafuta haya, amuulize leo kwa upole: "Baba, vidonge vyako bado unameza?" Wengi huwa wameshaacha na hawasemi.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na atuzidishie ufahamu wa dini yetu. Wallahu a'lam.