Ernst Haeckel: michoro ya viumbe vya bahari vyenye macho hayaoni

Kwenye labo ya hospitali, mikroskopi inasaidia kuona vijidudu vya malaria ndani ya damu. Katika karne ya 19, munganga mumoja wa Ujerumani alitumia chombo kama hicho kuangalia maji ya bahari. Jina lake Ernst Haeckel. Michoro yake inapendwa mpaka leo, lakini si yote yenye inaweza kuaminiwa.

Alianza namna gani?

Haeckel alizaliwa Potsdam mwaka wa 1834. Alisoma unganga, lakini kazi ya kupokea wagonjwa haikumupendeza. Mwaka wa 1859 alifika Messina, muji wa Italia wenye kuwa kando ya bahari. Kule alivua viumbe vidogo sana vyenye kuitwa radiolaria, akavichora.

Radiolaria ana seli moja tu, na wengi hawafikishe hata milimetri moja. Mwili ni laini, lakini ndani mna mifupa ya silika, kitu kile kile chenye kinatumika kutengeneza vioo. Wakikufa, mifupa inazama na kujikusanya chini ya bahari.

Vitabu vyake

Kitabu cha kwanza juu ya radiolaria kilitoka mwaka wa 1862, na kurasa 35 za michoro. Kisha Uingereza ilituma meli Challenger kuchunguza bahari za dunia, kuanzia 1872 mpaka 1876. Haeckel hakupanda meli hiyo; aliletewa vitu vyenye ilikusanya. Ripoti yake ya 1887 ilikuwa na kurasa 140 za michoro na aina mpya zaidi ya 3.500.

Kitabu chenye kujulikana zaidi, *Kunstformen der Natur*, kilitoka kidogo kidogo kati ya 1899 na 1904. Adolf Giltsch ndiye alihamisha michoro juu ya mawe ya kuchapia. Mufaransa René Binet naye aliiga radiolaria wakati alichora mulango mukubwa wa maonyesho ya Paris ya 1900.

Kwa nini analaumiwa?

Wataalamu wanasema alinyoosha maumbo kupita vile yako. Lakini kosa kubwa liko mu kitabu chake cha 1868. Humo picha moja ilichapwa mara tatu: eti ni mimba ya mbwa, ya kuku na ya kobe. Mwanzoni mwa kitabu hicho alipanga vichwa 12, akaanza na Muzungu, akamaliza na nyani. Watu weusi aliwaweka karibu na gorila.

Tope la Challenger lingali linachungwa London, na radiolaria wanaweza kuangaliwa tena mu mikroskopi. Lakini ule mupango wa vichwa haukutoka mu mikroskopi yoyote. Alichora mambo yenye alikuwa anaamini tayari, na wasomaji wengi waliyapokea kama sayansi.