Hewa ya Pwani Ndani ya Kabureta

Gari lilifika Dodoma kutoka Dar likikohoa njia nzima. Lilikuwa Datsun 240Z, jekundu, la milango miwili, la zamani. Mwenye nalo alikuwa amefura kwa hasira, maana juzi tu alikuwa amelipa fundi huko Dar alirekebishe. Mzee wa gereji ya mtaani kwetu, ambaye vijana wote tunamwita Babu, hakuanza na maneno mengi. Alifungua plagi moja, akaipangusa kwa kidole, kidole kikatoka cheusi.

"Fundi wa Dar hana kosa," akasema. "Gari hii bado inapimiwa mafuta kwa hewa ya pwani."

Msomaji, mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndoto ya kuandika riwaya, fizikia niliiacha hukohuko darasani. Lakini Babu alinieleza nikaelewa. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Ili gramu moja ya petroli iungue yote, inataka karibu gramu 15 za hewa. Injini inayotafuta nguvu huongezewa petroli kidogo, gramu moja kwa 12 au 13 za hewa. Sasa Dar iko usawa wa bahari, na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu yake. Huku kwetu hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika kumi. Kabureta haijui kwamba imehama mji. Petroli haipungui kwa kiasi kilekile, basi mchanganyiko unakuwa mzito, moshi mweusi unatoka, na nguvu zinakwisha mlimani.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama upya mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni nchi zenye joto la pwani na baridi ya nyanda za juu. Historia imetuwekea majina ya madereva. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo. Edgar Herrmann alishinda mwaka 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda kwa 240Z pia, baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Lakini nani ameandika jina la aliyeinama juu ya injini usiku, akiitayarisha kwa hewa ya kesho? Huyo Joginder mwenyewe alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Kwangu mimi hilo si jambo dogo.

Hata kabureta ina historia yake. 240Z iliuzwa na kabureta mbili za Hitachi, zilizofuata muundo wa SU wa Uingereza. SU ilibuniwa na George Herbert Skinner. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa viatu, na kabureta zao za kwanza zilikuwa na mfuko wa ngozi mahali ambapo baadaye pistoni ilikaa.

Turudi gereji. Babu aliacha injini ipate moto, akafungua kisafisha hewa, akalegeza fimbo inayounganisha kabureta zote mbili. Akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni. Kila kabureta ina mvumo wake. Ikivuma moja kuliko nyingine, silinda tatu zinafanya kazi ya sita. Alisikiliza, akasikiliza tena, kisha akanipa ule mpira.

"Shika wewe, mjukuu wangu. Masikio yangu yamechoka."

Nikasikiliza. Ya mbele ilivuma zaidi. Nikamwambia, akazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka nikasema sawa. Kisha akapandisha jeti kwa nati ya chini, maana ukiipandisha unapunguza petroli. Akanyanyua pistoni kama unene wa ukucha. Injini ikiongeza mwendo na kubaki huko, petroli ni nyingi. Ikitaka kuzima, ni chache. Ikipanda kidogo na kurudi, umepata. Safari ya nne ilipanda, ikarudi.

Katikati ya miaka ya 1970 Safari ilibaki Kenya peke yake. Baadaye kompyuta zikachukua kazi ya kupima hewa, na mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hapakuwa na aliyehitaji mpira wa maji. Sawa, maendeleo hayakatai mtu. Lakini Babu hana mwanafunzi, na hajawahi kuandika chochote. Alipofunga boneti aliniuliza kama kweli nilisikia tofauti, au nilikuwa namridhisha tu.

Nilisikia, Babu. Ndiyo maana nimeandika.