UJI PEKE YAKE HAUTOSHI: Watoto 129 wa Kingston (Sehemu ya 3)

 

Sehemu ya 2 tuliongea udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na kuugua mara kwa mara. Baada ya hapo mama mmoja akaniandikia: "Nesi, wangu ana mwaka na nusu, wameniambia amedumaa. Ndo basi tena?"

Niseme ukweli. Miaka ya nyuma ningemjibu kwa habari ya uji, mayai na dagaa, halafu ningeita "anayefuata!" Kuhusu akili ya mtoto nisingesema kitu. Kwa hiyo leo nimjibu vizuri, na jibu lenyewe linaanzia Jamaika.

Miaka ya 1970, daktari Sally Grantham-McGregor alikuwa mtafiti Chuo Kikuu cha West Indies, Kingston. Aliwafuatilia watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali. Walitibiwa, wakalishwa, wakarudi nyumbani. Uzito unapanda, lakini kwenye kuongea na kuelewa mambo bado wako nyuma ya wenzao. Yeye na wenzake wakajaribu jambo ambalo wengi wangeliona la kitoto: kucheza nao wodini, kisha kuwafuata nyumbani kwa miaka 3 kuendelea na michezo hiyo. Watoto wale wakaanza kuwafikia wenzao.

Lakini hao walikuwa watoto wa wodini. Vipi wale wengi waliodumaa huko mtaani, ambao hawalazwi kamwe? Na serikali yenye hela kidogo iwape nini, chakula au michezo?

Mwaka 1986 na 1987 chuo kikaingia mitaa maskini ya Kingston, kikachukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi manne. La kwanza lilipewa kilo 1 ya maziwa ya unga yenye virutubisho kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani saa 1 kila wiki kwa ajili ya michezo. La tatu lilipata vyote viwili. La nne halikupata maziwa wala michezo, ila watoto wote walipata matibabu bure. Ikawa hivyo miaka 2.

Sasa sikilizeni hiyo saa 1 ilikuwaje. Aliyekuja hakuwa profesa. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke wa kawaida aliyepewa mafunzo. Anakaa chini na mama na mtoto, anaonyesha mchezo, kisha anamwachia mama aufanye mwenyewe. Vifaa vilikuwa chupa za plastiki, maboksi na vitabu vya picha vya kutengeneza kwa mkono. Anaviacha pale nyumbani, wiki ijayo anakuja na vingine. Na anamsifu mama kwa anachofanya vizuri. Jamani, ni mara ngapi sisi manesi tunamsifu mama kliniki?

Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 kwenye jarida la Lancet. Maziwa yalisaidia, michezo ilisaidia, na waliopata vyote walifanya vizuri zaidi. Wangeishia hapo, tusingejua lililo kubwa. Watafiti, akiwemo Susan Walker, waliendelea kuwatafuta watoto wale. Walipofika miaka 11 na 12, faida ya maziwa kwenye akili haikuonekana tena. Ya michezo ilikuwepo. Miaka 17 na 18, waliochezewa walisoma vizuri zaidi, wachache zaidi waliacha shule, na hofu na sonona vilikuwa kidogo kwao. Miaka 22 wakapatikana 105, hata waliohamia nje ya nchi wakafuatwa huko. Waliotembelewa na wahudumu walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Walikuwa wamewafikia hata vijana ambao hawakuwahi kudumaa.

Tusije tukaelewana vibaya: uji usiachwe! Michezo haikuwarudishia watoto wale urefu, na tumbo tupu halichezi. Pia watoto 129 ni wachache. Kolombia walipojaribu kwa watoto zaidi ya 1,400, faida ya akili ilionekana mradi ulipoisha, lakini miaka 2 baadaye haikuonekana tena. Kufanya jambo mtaa mmoja na kulifanya nchi nzima ni vitu viwili tofauti.

Hata hivyo utafiti huu umebadilisha sera. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaoweka kucheza na kuongea na mtoto pamoja na lishe na afya. Desemba 2021 Tanzania nayo ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Na watoto wetu wanaihitaji kweli, maana takwimu za 2022 zinaonyesha asilimia 30 ya walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Kwa hiyo mama yangu uliyeniandikia, hapana, sio ndo basi. Lishe endelea nayo, kliniki usikose. Halafu leo jioni tafuta kopo na vifuniko vya chupa. Mwache aweke na kutoa, wewe taja majina na rangi, mpigie makofi akipatia. Siku ya kliniki muulize nesi: "Uzito nimeuona, je makuzi yake?" Ukiuliza wewe na wenzako wakauliza, na sisi tutazoea kuwajibu.

Sehemu ya 4: michezo ya miezi 6 hadi 12 kwa vitu vya jikoni. Mtumie mama mwenzio asome.