Bomba linapokwama kisimani: jinsi wachimbaji wa mafuta wanavyolizuia na kulinasua

Wakazi wa Nakivubo, jijini Kampala, wanajua jinsi mfereji wao unavyoziba. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji husukuma mchanga na taka kuelekea Ziwa Victoria. Kasi ikipungua, mzigo huo hutua na njia huwa nyembamba. Jambo hilohilo, likitokea mamia ya mita chini ya ardhi, ni miongoni mwa sababu kuu zinazofanya bomba la kuchimbia mafuta likwame.

Kwa Uganda suala hili si geni. Mafuta ya kiwango cha kibiashara yalithibitishwa mwaka 2006 katika Bonde la Albertine. Mwezi Januari 2023 uchimbaji wa visima vya uzalishaji ulizinduliwa Kingfisher, wilayani Kikuube, na Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, ikafuata mwaka huohuo. Mpango wa Tilenga ni zaidi ya visima 400, wa Kingfisher ni 31. Ili kuepusha mitambo ndani ya Ziwa Albert na kupunguza eneo linaloguswa katika Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, visima vingi huanzia kwenye kituo kimoja, kisha huinama chini kwa chini hadi kwenye mafuta. Uamuzi huo unalinda mazingira, lakini unamwongezea mchimbaji kazi.

Bomba linapozunguka, tope maalumu husukumwa ndani yake hadi kwenye biti, kisha hurudi juu kupitia nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa kisima, likibeba chenga za mwamba. Katika kisima cha wima chenga huwa na safari ndefu kabla ya kufika chini. Katika kisima kilichoinama hutua upande wa chini baada ya sentimita chache tu, na pembe inapokuwa kati ya nyuzi 45 na 60, rundo hilo huweza kuporomoka mara pampu inapozimwa na kulibana bomba. Udongo wa mfinyanzi unaovimba unapokutana na maji huleta balaa kama hiyo. Kisima cha utafiti cha Ngassa-1, kilichoinamishwa kutoka nchi kavu kuelekea chini ya Ziwa Albert, kilisimamishwa kabla ya kufikia shabaha yake kutokana na ugumu wa uchimbaji.

Aina ya pili ya kukwama haina kifusi chochote. Tope hufanywa zito ili kuzuia mafuta na gesi visifoke. Likiwa zito kupita kiasi mbele ya tabaka la mchanga lenye vinyweleo, hulikandamiza bomba ukutani. Chukua mfano wa shinikizo lililozidi kwa kilo 35 kwa kila sentimita mraba, na bomba lililogusa ukuta kwa urefu wa mita 10 na upana wa sentimita 8. Mkandamizo wake ni tani 280. Msuguano ukiwa robo tu ya hapo, zinahitajika tani 70 kulisogeza, mbali na uzito wake lenyewe. Kadiri bomba linavyotulia, ndivyo utando wa tope ukutani unavyonenepa na mguso kupanuka.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kutoliacha bomba limetulia. Tope huwekwa uzito unaotosha, si zaidi, na kisima husafishwa kwa kulizungusha tope kikamilifu kabla ya kuvuta bomba nje. Msimamizi makini hupima chenga zinazofika juu: zikipungua ilhali biti inaendelea kula mwamba, zimebaki mahali fulani.

Bomba likikwama, silika ya wengi ni kuvuta kwa nguvu zote. Hapo ndipo makosa ya gharama hufanyika. Swali la kwanza liwe: je, tope bado linazunguka? Likizunguka vizuri na bomba likawa lilitulia kabla ya kukwama, huenda limekandamizwa ukutani; tiba ni kulizungusha na kulishusha, kumimina kimiminika cha kuyeyusha utando, au kupunguza uzito wa tope kwa tahadhari kubwa, kwani tope jepesi kupita kiasi hukaribisha mlipuko wa gesi. Tope lisipopita, chenga ndizo zimeziba, na kuvuta juu huzikaza zaidi. Shinikizo la pampu hupunguzwa, kisha nyundo iliyofungwa ndani ya msururu wa mabomba hupigwa kuelekea upande ule bomba lilikotoka.

Hayo yote yakishindikana, wataalamu hutafuta mahali bomba lilipokwama kwa kupima linavyonyumbuka likivutwa. Baruti ndogo hulipuliwa kwenye kiungo kilicho juu ya hapo huku bomba likisokotwa kinyume, ili sehemu iliyo huru ifunguke. Kipande kilichobaki hutafutwa kwa vifaa vya kukinasa, kazi ambayo wachimbaji huiita uvuvi. Mtambo hulipiwa kwa siku, kwa hiyo uvuvi una kikomo: hesabu ikionyesha kwamba njia mpya ni nafuu, kipande hufukiwa kwa saruji na kisima huchepushwa pembeni yake. Kikiwa na kifaa cha kupimia chenye chanzo cha mionzi, saruji hutiwa rangi, ili yeyote atakayechimba hapo baadaye aione na asimame.