Sahihi na Asahi: Kadhi wa Unguja na Elimu ya Istilahi

Mwanafunzi anayeanza kuisoma Minhaji, kitabu cha fiqhi ya Kishafi, hukutana mapema na maneno mawili yanayomzuga. Katika mas-ala moja hukumu imeitwa sahihi. Katika mas-ala nyingine imeitwa asahi, yaani sahihi zaidi. Atadhani hii ya pili ndiyo imara kuliko ile ya kwanza. Sivyo hata kidogo. Kusema asahi ni kukiri kwamba rai ya upande wa pili ina nguvu na nayo ina sehemu yake ya usahihi. Kusema sahihi tu ni kuifungia mlango rai hiyo: ni dhaifu, haina haki ya jina hilo. Neno linaloonekana dogo ndilo zito.

Kanuni hiyo aliiweka Imamu Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, katika dibaji ya Minhaj al-Talibin, kitabu alichokifupisha kutoka katika al-Muharrar cha Imamu Rafii. Nawawi akipima kauli za Imamu Shafi mwenyewe, mwenye madhehebu, na rai ya upande wa pili ikawa na nguvu, husema adh-har, yaani dhahiri zaidi; ikiwa dhaifu, husema mash-huri. Akipima rai za wanafunzi na wafuasi wa Shafi, hapo ndipo penye asahi na sahihi. Kwa hiyo neno moja hubeba habari tatu kwa pamoja: ipi ishikwe, rai ni za nani, na mpinzani ana nguvu kiasi gani. Tena yako maneno kadimu na jadidi, kwa kauli za Shafi za zamani alipokuwa Iraki na zile mpya za Misri, alikofariki mwaka 820.

Mfano ulio karibu na kila nyumba ya Unguja ni wakati wa Magharibi. Kwa kauli jadidi, wakati wake ni mfupi mno: kiasi cha kutawadha, kusitiri mwili, adhana, ikama na rakaa tano. Kwa kauli kadimu unaendelea mpaka wekundu wa mbingu upotee. Kwa kawaida jadidi ndiyo hushikwa. Hapa Nawawi anaingia kwa sauti yake mwenyewe, kwa neno analolitumia kutenganisha nyongeza zake na maneno ya Rafii, na kusema kuwa kadimu ndiyo adh-har. Asiyejua istilahi atapita hapo asijue kwamba kanuni kubwa ya kitabu imetenguliwa na mwenye kitabu. Anayejua ataona jambo la ziada: neno lililochaguliwa ni adh-har, si mash-huri, kwa hiyo jadidi imeshindwa lakini haikudharauliwa.

Katika Mji Mkongwe Minhaji haikuwa kitabu cha kuwekwa rafuni. Masultani wa Zanzibar walikuwa Maibadhi, raia wao wengi walikuwa Mashafi, kwa hiyo dola iliweka makadhi wa pande zote mbili. Kadhi wa Kishafi aliyeletewa ugomvi wa talaka, mirathi au wakfu alihitaji kujua kitabu kinaamua nini, na kinaamua kwa uzito gani. Mmoja wao alikuwa Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 katika ukoo wenye asili ya Hadhramaut. Alisoma kwa masharifu wa Hadhramaut, akafika hadi Istanbul kwa Sayyid Fadhl Pasha, kisha akarejea Unguja na kuushika ukadhi hadi mwisho wa umri wake. Mwandani wake alikuwa Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ambaye madrasa yake ya Ukutani iliwatoa wanavyuoni wa pwani nzima.

Sayyid Ahmad aliandika al-Ibtihaj fi Bayan Istilah al-Minhaj. Kazi ya kitabu hicho imo katika jina lake: kubainisha istilahi za Minhaji. Hiyo ni kazi ya mantiki kwa maana yake kamili, nayo inastahili kutajwa kila inapozungumzwa historia ya fikra katika visiwa hivi. Ajabu ya tarehe ni kwamba Gottlob Frege, Mjerumani aliyeasisi mantiki ya kihisabati ya kisasa kwa kitabu chake cha mwaka 1879, alifariki mwaka ule ule aliofariki Sayyid Ahmad, 1925. Hawakujuana, na elimu zao ni mbali mbali: mmoja alitafuta misingi ya hesabu, mwingine alihudumia sharia. Lakini wote wawili walishikilia sharti moja, kwamba neno la kielimu lisiachwe kwa mazoea ya mazungumzo; maana yake iwekwe mwanzo, na msomaji afungwe nayo hadi mwisho.

Uzito wa sharti hilo ulionekana zaidi Minhaji ilipoingia katika lugha za Ulaya. L. W. C. van den Berg aliitafsiri kwa Kifaransa huko Batavia kati ya mwaka 1882 na 1884, tafsiri iliyokosolewa vikali na mtaalamu Snouck Hurgronje. E. C. Howard akaigeuza hiyo ya Kifaransa kuwa ya Kiingereza, London, mwaka 1914. Majaji wa kikoloni wasiojua Kiarabu waliifikia sharia ya Kishafi kwa njia hiyo, lugha mbili mbali na asili. Jaji akisoma kwamba rai fulani ni sahihi zaidi, na hakuwahi kukaa darsani, atahisije kwamba rai iliyoachwa nayo ina uzito?

Makadhi waliokuja baadaye walikaa darsani. Sayyid Umar, mwana wa Sayyid Ahmad, alishika ukadhi mkuu wa Zanzibar, na baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na ndiye aliyeandika kwa Kiswahili tarehe ya wanavyuoni hao wa Kishafi. Mahakama za Kadhi za Zanzibar ziliwekewa sheria mwaka 1985, ikaja nyingine mwaka 2017. Sayyid Ahmad mwenyewe amezikwa Malindi ya Unguja, kwenye Msikiti wa Ijumaa, na al-Ibtihaj bado husomwa na wanaojifunza fiqhi ya Kishafi.